Taratibu ya Kutazama Sinema za Pete

Mtu aliyewekewa mbele yake sinema sita za hadithi moja ana swali la kujibu kabla hajatazama hata moja: aanze na ipi? Swali hili huonekana dogo, na aghalabu hujibiwa kwa pupa. Mmoja husema tuanze na ile ambayo matukio yake ni ya zamani zaidi. Mwingine husema tuanze na ile iliyo karibu na mkono. Walakini swali hili, msomaji, lastahili kufikiriwa kwa makini, kwa sababu kupanga hadithi ni kuifasiri. Anayesema "hii iwe ya kwanza na ile iwe ya mwisho" amekwisha kutoa hukumu juu ya maana ya hadithi yote, hata kama mwenyewe hajui kwamba ametoa hukumu.

Nitachukua mfano wa sinema zilizoongozwa na Peter Jackson wa New Zealand kutoka katika vitabu vya J. R. R. Tolkien. Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akachukuliwa Uingereza angali mtoto mdogo, na baadaye akawa mwalimu wa lugha na fasihi za kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. Sinema zenyewe ziko katika mafungu mawili. Fungu lililotoka kwanza laitwa The Lord of the Rings, nalo lina sinema tatu: The Fellowship of the Ring ya mwaka 2001, yenye dakika 178, The Two Towers ya mwaka 2002, yenye dakika 179, na The Return of the King ya mwaka 2003, yenye dakika 201. Fungu la pili laitwa The Hobbit, nalo pia lina sinema tatu: An Unexpected Journey ya mwaka 2012, yenye dakika 169, The Desolation of Smaug ya mwaka 2013, yenye dakika 161, na The Battle of the Five Armies ya mwaka 2014, yenye dakika 144.

Kwa ajili ya msomaji ambaye hajaziona, nitaeleza kiini cha kisa kwa maneno machache. Mahobiti ni watu wadogo wa kimo, wapendao chakula, bustani na utulivu. Mmoja wao, jina lake Bilbo, anaacha nyumba yake na kufuatana na mbilikimo 13 wanaokwenda kuudai mlima wao ulionyakuliwa na joka. Njiani, katika giza la mapango, anaokota pete imfanyayo avaaye asionekane. Hicho ndicho kisa cha The Hobbit. Miaka 60 baadaye Bilbo amekuwa mzee wa miaka 111, na yatambulika kwamba pete ile ni ya adui mkuu, Sauron, ambaye akiipata tena ataitawala dunia. Pete haina budi kuangamizwa katika moto ule ule ilikofuliwa, na mzigo huo unamwangukia kijana Frodo, jamaa yake Bilbo. Hicho ndicho kisa cha The Lord of the Rings. Wewe waona sasa ubishi ulikozaliwa: fungu lililotengenezwa nyuma ndilo lisimuliayo mambo yaliyotangulia.

Basi ziko taratibu mbili. Ya kwanza ni taratibu ya matukio, nayo huanza na sinema ya mwaka 2012 na kuishia na ile ya mwaka 2003. Ya pili ni taratibu ya utungaji, nayo huanza na sinema ya mwaka 2001 na kuishia na ile ya mwaka 2014, kama zilivyotoka mikononi mwa mtengenezaji.

Wapendao taratibu ya matukio wana hoja zisizofaa kudharauliwa. Husema kwamba chanzo hutangulia matokeo, na kwamba mtu hawezi kuupima uzito wa pete kama hakuona ilivyookotwa. Husema pia kwamba safari ya Bilbo ni nyepesi, ina mizaha na nyimbo, na kwamba yafaa mtazamaji apande polepole kutoka wepesi kwenda kwenye uzito. Tena wana hoja ya tatu, nayo ndiyo yenye nguvu zaidi. Yuko mzee mmoja, Saruman, mwenye joho jeupe na sauti ya heshima. Katika The Hobbit yeye ni mkuu wa baraza la wenye hekima, na mtazamaji aliyeanza huko humwona kama mtu wa kutegemewa. Saruman huyo anapokuja kuwasaliti wenzake katika sinema ya mwaka 2001, uchungu wa usaliti wampata mtazamaji kama umpatavyo rafiki. Aliyeanza na mwaka 2001 humtazama Saruman kwa shaka tangu anapoingia barazani. Hoja hii ni ya kweli, nami naikubali.

Hata hivyo, nashika upande wa taratibu ya utungaji, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, tuangalie kama mwongozaji mwenyewe aliijali taratibu ya matukio. Sinema ya mwaka 2001 yafunguka kwa vita vilivyopiganwa maelfu ya miaka kabla ya Frodo kuzaliwa. Sinema ya mwaka 2003, ambayo ni ya kumaliza fungu, yafunguka kwa watu wawili wavuao samaki mtoni. Mmoja anaiona pete matopeni, na mwenzake anamnyonga ili aichukue. Tukio hilo lilitokea mamia ya miaka kabla ya Bilbo kutoka nyumbani kwake. Mwenye kuishika taratibu ya matukio kwa uaminifu hana budi kutwaa makasi, akate kipande hicho cha mtoni, akibandike mbele ya sinema zote sita. Hakuna afanyaye hivyo, wala asingefaidika kwa kufanya hivyo. Muuaji yule wa mtoni ndiye Gollum, na kisa chake kimewekwa pale kwa sababu mtazamaji amekwisha kukaa na Gollum sinema nzima ya pili, akimwogopa na kumhurumia kwa pamoja. Sasa ndipo aambiwapo mtu huyu alikuwa nani. Lau angeambiwa mwanzo, angemwona muuaji tu, na huruma isingepata pa kuingilia.

Pili, tazama namna Gollum mwenyewe anavyoletwa. Katika sinema ya mwaka 2001 haonyeshwi waziwazi. Twaona macho gizani na vidole vikishika mwamba, kisha basi. Tunamsikia akitajwa, tunajua kwamba anawanyatia wasafiri, lakini uso wake tumefichwa. Katika sinema ya mwaka 2002 anateremka jabali usiku kama mjusi, kichwa chini, naye aonekana mzima kwa mara ya kwanza. Tukio hilo limeandaliwa kwa saa tatu. Mtu aliyeanza na sinema ya mwaka 2012 amekwisha kumwona Gollum katika mwanga, akitega vitendawili na kuimba. Kwake yeye fumbo hilo limefumbuliwa kabla halijafumbwa.

Tatu, iko namna ya Bilbo kuipata pete. Anaiona gizani, anaiokota, akaitia mfukoni. Mtazamaji asiyejua lolote huona kwamba hobiti ameokota kitu cha kufaa, kama mtu aokotavyo kisu njiani. Mtazamaji aliyetangulia kuiona The Lord of the Rings hutetemeka. Anajua mzigo ambao Bilbo ameuingiza mfukoni na kuutia nyumbani mwake, ilhali Bilbo mwenyewe hajui. Tukio ni lile lile, picha ni zile zile, lakini mmoja ameona bahati na mwenzake ameona msiba ukianza.

Usidhani kwamba kujua mwisho kabla ya mwanzo ni jambo geni. Hivyo ndivyo tunavyowajua wazee wetu. Babu yako ulimjua akiwa mzee, mwenye mkongojo na kovu mguuni. Ujana wake ulihadithiwa baadaye, kidogo kidogo, jioni hii na jioni ile, na kila kisa ulichosikia kilikufanya ulitazame lile kovu kwa macho mengine. Kama ungehadithiwa habari za kijana usiyemjua, zingekupita kama habari za mtu wa mbali. Zilikugusa kwa kuwa mzee mwenyewe alikuwa ameketi mbele yako. Bilbo naye yampasa kwanza awe mzee wetu, mwenye mikono inayosita kuiacha pete, ndipo turudi kumtazama akiwa na umri wa miaka 50, akikimbia kutoka mlangoni bila leso.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, iko habari ya huruma. Katika sinema ya mwaka 2001, ndani ya mapango ya Moria, Frodo anasikitika kwamba Bilbo hakumwua Gollum alipopata nafasi. Mzee Gandalf anamjibu kwamba huruma ndiyo iliyouzuia mkono wa Bilbo, na kwamba huenda huruma hiyo ikaamua majaliwa ya wengi. Nafasi yenyewe twaiona katika sinema ya mwaka 2012: Bilbo haonekani, upanga wake uko karibu na shingo ya Gollum, njia ya kutokea iko nyuma ya adui huyo, naye anautazama uso wenye dhiki kisha anauondoa upanga. Mtu anaweza kudhani kwamba tendo hili lilikuwako katika hadithi tangu siku ya kwanza. Halikuwako. Katika kitabu cha The Hobbit kilichochapishwa mwaka 1937, Gollum aliahidi kutoa pete iwe zawadi endapo angeshindwa vitendawili, na alipoikosa alimwonyesha Bilbo njia ya kutokea. Hapakuwa na upanga shingoni wala uhai wa kuachiwa. Mtungaji alipoingia katika kazi ya The Lord of the Rings ndipo alipotambua uzito wa pete, akarudi nyuma na kuiandika upya sura hiyo. Mabadiliko yalitokea katika chapa ya mwaka 1951. Wewe fikiri, msomaji: tendo la huruma lililo mzizi wa hadithi yote liliandikwa baada ya matunda yake kujulikana. Mtungaji aliufikia mwanzo kwa njia ya mwisho, nasi tukimfuata njia hiyo hatupotei.

Hapa mwanafunzi mwangalifu ataniuliza: je, si kitabu cha The Hobbit kilichotangulia, mwaka 1937, na The Lord of the Rings kikafuata mwaka 1954 na 1955? Ndivyo. Katika vitabu taratibu ya utungaji na taratibu ya matukio zakubaliana, na atakaye kusoma na aanze na The Hobbit bila wasiwasi. Kitabu kile kiliandikwa kwa msomaji asiyejua kitu juu ya pete. Sinema za The Hobbit hazikutengenezwa kwa mtazamaji wa namna hiyo. Ya kwanza yafunguka kwa Bilbo mzee akiandika habari zake, siku ile ile ya sherehe inayoanzisha sinema ya mwaka 2001, na Frodo yuko nyumbani. Ya mwisho yamtaja kijana mmoja wa kaskazini kwa jina la utani, wala haielezi ni nani, kwa kuwa yatumaini tunamjua. Sinema hizi zazungumza na mtu aliyekwisha kuziona zile nyingine.

Iko pia sababu ya tano, nyepesi lakini ya manufaa. Taratibu ya matukio haitulii. Mwaka 2022 lilianza kuonyeshwa tamthilia la televisheni, The Rings of Power, ambalo matukio yake ni ya maelfu ya miaka kabla ya Bilbo. Mwaka 2024 ikatoka sinema ya picha za kuchorwa, The War of the Rohirrim, ambayo yasimulia mambo ya karibu miaka 200 kabla ya Frodo. Kila watengenezaji wakichimba zamani zaidi, mwenye kufuata matukio hulazimika kuhamisha mlango wa kuingilia. Taratibu ya utungaji huongezwa mwishoni tu. Mlango wake hubaki pale pale.

Imenipasa kueleza pia hasara ya shauri langu. Fungu la pili halilingani na la kwanza kwa ubora. The Return of the King ilipata tuzo 11 za Oscar mwaka 2004, ikitwaa kila tuzo iliyoteuliwa kuigombea. The Hobbit ni kitabu kifupi cha watoto. Kilikusudiwa kutolewa kwa sinema mbili, na mwaka 2012 ikatangazwa kwamba zitakuwa tatu. Uji ukatiwa maji. Akaingizwa Legolas, ambaye hayumo katika kitabu hicho, na Tauriel, ambaye hayumo katika kitabu chochote cha Tolkien, pamoja na mapenzi yake na mbilikimo Kili, na vita vya mwisho vikarefushwa hata Bilbo, mwenye kisa, akawa kama mpita njia. Mazungumzo ya Bilbo na Gollum katika sinema ya mwaka 2012 ni mazuri mno, na joka Smaug ni wa kutisha kweli. Lakini atazamaye mafungu yote mawili mfululizo kwa taratibu yangu atahisi kwamba ametoka mlimani na kushuka bondeni.

Dawa yake ni muda. Watazamaji wa kwanza walikaa miaka tisa kati ya sinema ya mwaka 2003 na ile ya mwaka 2012. Sikuambii usubiri miaka tisa, lakini usiyaunganishe mafungu haya mawili katika safari moja. Hapa nafikia desturi iliyoenea siku hizi, ya vijana kukusanyika na kutazama sinema zote kwa siku moja bila kusita. Tufanye hesabu. Sinema sita zina dakika 1,032, yaani saa 17 na dakika 12. Ukianza saa 12 asubuhi bila kuinuka hata kula, utamaliza saa 5 na dakika 12 usiku. Fungu la kwanza peke yake lina dakika 558, yaani saa 9 na dakika 18. Ukianza saa 2 asubuhi, ukapumzika hadi saa 6 mchana baada ya sinema ya kwanza, na hadi saa 10 jioni baada ya ya pili, utamaliza saa 1 na dakika 21 usiku. Jambo hili lawezekana, na siku ya namna hiyo pamoja na rafiki ina furaha yake. Lakini kwa mara ya kwanza sikushauri hata hilo.

Kumbuka yule mwanamke wa Alfu-Lela-Ulela. Alikuwa na hadithi nyingi na mfalme mkali wa kuzisikiliza. Hakuzimimina zote usiku mmoja; kulipopambazuka alinyamaza, na mfalme akakaa mchana kutwa akijiuliza litakalofuata. Katika mchana ule, ambao hakuna neno lililosemwa, ndipo hadithi ilipomfanyia mfalme kazi. Mtazamaji naye ahitaji mchana wa namna hiyo. Mwishoni mwa sinema ya mwaka 2001 wasafiri wametawanyika. Lala na fikira hiyo usiku mmoja kabla hujajua yaliyowapata.

Sababu kubwa ya kuonea uchungu uchovu ni sinema ya tatu. Watu wengi hulalamika kwamba haiishi, kwamba kila ukidhani imekwisha yaanza tena. Sitasimulia linalotukia katika mlima wa moto, kwa maana sipendi kukuibia. Nitataja jambo moja dogo la baadaye. Mahobiti wanne wamerudi kijijini, wameketi katika nyumba ya vinywaji waliyoizoea. Watu wanapita wakicheka, wanalisifu boga kubwa la mzee mmoja, wala hakuna awaulizaye walikokwenda. Wao wanatazamana, wanagonganisha vikombe, wanakunywa kimya. Tolkien alikuwa askari katika mapigano ya Somme, Ufaransa, mwaka 1916, na hadithi yake yajua kwamba anayerudi kutoka vitani hukikuta kijiji kama alivyokiacha, ila yeye mwenyewe habaki kama alivyokuwa. Hilo ndilo neno la mwisho la sinema hizi, nalo limesemwa bila maneno, katika dakika ambazo mtazamaji wa saa tisa anatafuta viatu vyake.

Basi mpango wangu ni huu. Likizo ya kwanza, tazama The Lord of the Rings kwa jioni tatu, moja kila siku, wala usiruke mwisho wa ya tatu. Yako matoleo marefu ya sinema hizo, ambayo kwa jumla yapita saa 11; yaweke kwa siku nyingine. Likizo ya pili, tazama The Hobbit, nayo kwa jioni tatu, ukimsindikiza Bilbo kama umsikilizavyo babu akisimulia ujana wake. Kisha, ukiwa unazijua zote, zipange upya kwa taratibu ya matukio, na siku hiyo ukipenda keti tangu asubuhi hadi usiku. Chukua daftari, na katika kila sinema andika jambo moja: hapa mimi najua nini ambacho mhusika hajui? Linganisha majibu ya mara ya kwanza na ya mara ya pili. Ukiona kwamba nimekosea juu ya Saruman, au juu ya pete iliyookotwa gizani, utakuwa na ushahidi wa kunipinga kwa hoja.